Wazee Mliosoma Pamoja, Kutaneni Mkingali Hai



Leo naongea na wazazi wetu waliovuka miaka 65. Na kama wewe ni kijana na una mzazi nyumbani ambaye macho yake yamechoka na herufi ndogo za simu, chukua dakika chache umsomee. Ujumbe huu ni wake.

Kila ikikaribia Agosti na Desemba wazee wa kanisa huniuliza swali lile lile. "Mchungaji, tuliosoma pamoja tumetafutana kwenye WhatsApp, tunataka kukutana. Niende ama nikae?" Mmoja anauliza kwa sababu ya wokovu wake, maana anajua kutakuwa na chupa na muziki. Mwingine anaogopa kuonekana alivyo. Wenzake walikuwa wakurugenzi na maafisa wa serikali, yeye analima ekari moja ya mahindi na magoti yanamuuma.

Jibu langu ni hili: nenda. Na kama wewe uko kwenye kamati, hakikisha mwenzako anaweza kufika. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayonisumbua moyoni, na nitaisema wazi.

Kwanza tuende kwenye Neno. Fungua Yoshua 14 kuanzia mstari wa 6. Kalebu ana miaka 85. Anamwendea Yoshua huko Gilgali. Hawa wawili walikuwa katika kundi moja la watu 12 waliotumwa na Musa kwenda kuipeleleza nchi, wakati Kalebu alikuwa na miaka 40. Wale 10 wengine walikufa kwa tauni kule jangwani, na rika lao lililohesabiwa likaisha njiani. Wamebaki wawili tu. Na Kalebu anapofungua kinywa, anaanza kwa kumkumbusha mwenzake yaliyowapata kule Kadesh-barnea, miaka 45 iliyopita.

Hebu fikiria. Katika kambi yote ya Israeli, hakuna mpelelezi mwingine ambaye Kalebu angeweza kumwambia habari ya siku ile naye akaitikia, "Naam, nilikuwepo." Vijana walikuwa wamesikia hadithi. Yoshua alikuwa ameona.

Angalia na jambo la pili. Walianza sawa, lakini hawakufika mahali pamoja. Yoshua alikuwa kiongozi wa taifa zima. Kalebu hakuwa. Lakini Kalebu hakukaa hemani akinung'unika kwamba mwenzake amepandishwa cheo, na Yoshua hakumwambia apange foleni. Alimbariki, akampa Hebroni kuwa urithi wake. Hivyo ndivyo watu waliotembea pamoja wanavyopaswa kukutana wakizeeka.

Mzazi wangu, kuna mambo juu yako ambayo ni mtu wa rika lako tu anayeweza kuyashuhudia. Watoto wako wanakujua ukiwa mzazi. Sisi kanisani tunakujua ukiwa na mvi. Nani anakujua ukiwa na miaka 15, miguu mitupu, umebeba sanduku la mbao kichwani ukienda bweni? Unaposimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amekutoa mbali, sisi tunasema Amina. Lakini yule aliyelala kitanda cha juu yako ndiye anayejua ni mbali kiasi gani.

Na kizazi chenu si kizazi cha kusahauliwa. Waliokuwa kidato cha nne mwaka 1974 walifanya mtihani wa East African Certificate of Education, wakati Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa bado hai. Jumuiya ikavunjika 1977, na KNEC ikaanzishwa 1980. Wengi wenu mlisoma shule za harambee. Mzazi aliuza mbuzi, akauza kuku, akauza na kipande cha shamba ili karo ipatikane. Ninyi wenyewe mlibeba mawe na mchanga kutoka mtoni ili darasa lijengwe. Sisi wa 8-4-4, tuliokunywa maziwa ya Nyayo, tulikuta madarasa mengi yamesimama. Ninyi ndio mliyasimamisha.

Sasa naongea na kamati.

Ndugu zangu, mnapopanga mkutano, mnaanza na hoteli, fulana zenye nembo na mpiga picha, halafu mnatangaza mchango wa KSh 5,000 kwa kila mtu. Mzee aliyetimiza miaka 70 na yuko kwenye mpango wa Inua Jamii anapewa na serikali KSh 2,000 kwa mwezi. Fanya hesabu. Mchango wenu ni pesa zake za miezi miwili na nusu, kabla hajanunua dawa ya presha.

Huyu mzee hawezi kuandika "sina" mbele ya watu 60 kwenye kikundi. Atafanya nini? Ataandika, "Siku hiyo nina safari." Ama atanyamaza kabisa. Halafu ninyi mtasema, "Huyu siku hizi amejitenga." Hajajitenga. Mmemfungia mlango, na kufuli yenyewe ni hiyo KSh 5,000.

Bwana Yesu alisema wazi katika Luka 14:12-14 kwamba ukiandaa karamu uwaalike wasio na uwezo wa kukulipa. Yakobo naye, sura ya pili, alilikemea kanisa kwa kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kando. Kama Neno linakataza jambo hilo kanisani, litaruhusiwaje kwenye uwanja wa shule mliyoijenga kwa mikono yenu wote?

Fanyeni hivi. Kutaneni pale pale shuleni, ama kwenye ukumbi wa kanisa lililo karibu. Chai, maandazi na sufuria moja ya pilau vinatosha. Mwenye uwezo atume kwa mweka hazina kwa M-Pesa, na mweka hazina afunge mdomo. Majina ya waliotoa yasisomwe. Mwenye shida ya nauli apigiwe simu yeye peke yake, atumiwe usiku wa kabla ya safari, na habari iishie hapo. Viti vyote viwe sawa, na aliyekuwa waziri akae karibu na aliyekuwa mlinzi.

Na tuambiane ukweli mwingine. Vikundi vingi vya waliosoma pamoja vimegeuka kuwa vikundi vya matanga. Mwenzetu akilala, siku tatu hazipiti, pesa nyingi zimechangwa, jeneza zuri limenunuliwa na mahema yamekodishwa. Lakini alipokuwa anaenda hospitali kila wiki kwa matatu mbili, hakuna aliyemtumia hata nauli ya siku moja. Marehemu hajui kwamba mlimpenda. Zaburi 90:10 inatuambia siku zetu ni miaka 70, na tukiwa na nguvu 80. Ninyi mmefika hapo tayari. Mkingoja mpaka mwaka ujao, orodha itakuwa fupi zaidi.

Kuna jambo lingine juu ya hiyo orodha. Kuna mama mmoja ambaye nimemfahamu katika huduma, na sitamtaja. Wenzake walikutana, wakapiga picha, picha zikazunguka mpaka zikamfikia kwenye simu ya mjukuu wake. Alizitazama kwa muda mrefu. Yeye hakualikwa, kwa sababu kamati ilichukua majina ya waliofanya mtihani wa mwisho, na yeye alifukuzwa akiwa kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Aliniambia maneno machache tu: "Mchungaji, ukuta huo wako nyuma yao, na mimi nilibeba mawe yake."

Wapendwa, siku zile msichana akipata mimba safari yake ya shule ilikuwa imekwisha. Sera ya kuwaruhusu wasichana warudi shuleni baada ya kujifungua ilikuja mwaka 1994. Kwa kizazi cha mama huyu, ilikuwa imechelewa sana. Mvulana aliyehusika mara nyingi aliendelea na masomo, na leo huenda ameketi mbele kwenye meza kuu akitoa hotuba. Na kuna wavulana pia waliorudishwa nyumbani kuchukua karo na hawakurudi tena, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu cha kuuza.

Hao pia ni wenzenu. Mtihani haukuwafanya ninyi kuwa ndugu. Kilichowafanya ndugu ni uji mliokunywa pamoja na baridi mliyoipata pamoja. Naomba kila kamati inayopanga mkutano irudi nyuma iulize: katika fomu wani tulikuwa wangapi? Nani alitoka njiani, na yuko wapi? Mtafuteni. Mchungaji mwema alikuwa na kondoo 99 nyikani na bado akatoka kumtafuta mmoja. Hakusema kwamba wengi wamefika, tufunge mkutano kwa maombi.

Wewe nawe uliyetoka njiani, ukialikwa, usiseme, "Mimi sikumaliza." Nenda. Mungu hajawahi kukuuliza cheti.

Sasa nimgeukie mtu aliyeokoka anayeogopa dunia. Ndugu, Bwana wetu alikwenda kwenye arusi ya Kana, na aliketi na watoza ushuru, na hakutoka humo amebadilika. Waliobadilika ni wale aliowakuta. Nenda na wokovu wako. Wakiagiza pombe, wewe agiza soda ama chai, na usiwahubirie kwa hasira. Baada ya miaka 50, maisha yako tu yatawahubiria kabla hujafungua Biblia. Ila nitasema hili kwa upole: yule uliyekuwa ukimwandikia barua ya kurasa nne na kuipulizia poda, sasa ni mke wa mtu na nyanya wa wajukuu 7. Msalimie, muulize habari za watoto, rudi kwenye kiti chako. Na mambo hayo usimfiche mwenzako wa ndoa. Bora zaidi, nenda naye.

Kuna wengine hawataki kwenda kwa sababu ya mtu fulani. Alikuwa kiranja na alikuonea. Ama alikusingizia, ukapigwa viboko mbele ya shule nzima kwa kosa lisilokuwa lako. Miaka 50 imepita na ukisikia jina lake moyo unaruka. Mzee wangu, umelibeba jiwe hilo muda mrefu kuliko yale mliyobeba ya kujenga darasa. Litue.

Yakobo alikaa mbali na Esau miaka 20 kwa Labani, na siku ya kukutana aliogopa sana. Lakini soma Mwanzo 33. Esau alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Na usisahau kilichofuata: Esau akarudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Walipatana, na kila mmoja akaishi kwake. Kusamehe hakukulazimishi kuwa rafiki wa kila siku. Mvute kando, chini ya mti, mbali na spika, mwambie. Kama wewe ndiwe uliyemuumiza mwenzako, usingoje yeye aanze. Mathayo 5:23-24 inakutuma wewe uende kwanza, hata kabla ya sadaka.

Na mgonjwa asiyeweza kusafiri afanye nini? Kumbuka Barzilai katika 2 Samweli 19. Alikuwa na miaka 80. Mfalme Daudi alimwalika Yerusalemu, akakataa kwa adabu. Alisema hawezi tena kutambua ladha ya chakula wala kusikia vizuri waimbaji. Lakini alimsindikiza mfalme hadi ng'ambo ya Yordani, na akamtoa Kimhamu aende kwa niaba yake. Wewe pia unaweza kumtuma mwanao na salamu zako. Na wenzake wa kamati, msiishie kusema "tunamuombea". Wawili wenu wachukue sahani yake ya pilau wampelekee nyumbani, wakae naye, wacheke naye.

Watoto, hapa nina neno lenu. Guka akikuambia ana mkutano wa shule, usicheke. Mpeleke. Mpigie shati pasi, msaidie kupanda gari, mnunulie bando, mwandikie majina ya wenzake kwenye simu kwa herufi kubwa. Na baada ya mkutano muulize habari, umsikilize. Zaburi 71:18 ni ombi la mtu mwenye mvi anayetaka kusimulia nguvu za Mungu kwa kizazi kijacho. Atasimulia vipi kama kizazi kijacho kimeweka vidude masikioni?

Wazazi wangu, mtakapokutana mtaita rejista ya zamani, na kwa majina mengi mtasikia kimya. Msilipite jambo hilo haraka mwende kwenye chakula. Nyamazeni kidogo. Halafu kila mmoja ajiulize swali ambalo hakuna kamati itakayomjibia: jina langu limo katika kitabu cha uzima? Wanafunzi walirudi kwa Yesu wakishangilia kazi kubwa walizofanya, naye katika Luka 10:20 akawaambia wafurahi zaidi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Vyeo mlivyokuwa navyo mmeshastaafu. Hilo ndilo jina ambalo halistaafu. Kama huna uhakika, mwite Yesu leo, hapo ulipoketi. Hujachelewa.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa kila mzee uliyemfikisha leo. Kumbuka waliosahauliwa kwenye orodha. Fungua mikono ya wenye nacho, ponya mioyo iliyoumizwa tangu utotoni, na uwakutanishe wakingali na macho ya kuonana. Katika jina la Yesu, Amina.

Kabla ya jua kuzama leo, mpigie simu mwenzako mmoja ambaye hamjaongea miaka mingi. Usimtumie ujumbe. Piga, asikie sauti yako.