Mfupa umevunjika kazini, karatasi iko wapi?

Kila mwisho wa mwezi, ku mushahara wa mutu wa mine wanakata 5% ya pensheni. Kampuni nayo inapashwa kulipa sehemu yake ku CNSS, ile wazee wangali wanaita INSS. Ndani ya sehemu ya kampuni muko 1,5% ya hatari za kazi. Ile 1,5% haitoke mu mufuko wa mufanyakazi. Iliwekwa kwa siku jiwe litaangukia mguu, ao siku ngazi itateleza. Kwa hiyo tunasema wazi: franga ya mwenye kuumia ni haki yake, si zawadi ya patron.

Lakini huku kwetu, toka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, watu wanatembelea magongo na hawajapata kitu. Sheria iko: namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Kinachokosa ni karatasi.

Mambo yanapita hivi. Mutu anavunjika mguu mu kazi. Gari ya kampuni inamupeleka lopital, wanamutia plâtre ao chuma na vis, kampuni inalipa. Jamaa inashukuru. Mwezi wa kwanza mushahara unafika, wa pili unafika nusu, wa tatu shefu haitike simu tena. Bibi yake anakimbilia CNSS, wanamuuliza: mama, déclaration d'accident de travail iko wapi? Haiko. Mu makaratasi ya kampuni, bwana wake alikuwa mugonjwa tu.

Kulipa lopital ni jambo moja, kulipa hasara ya mwili ni lingine. Mfupa haufanane na homa. Unaweza kushikana, radio ikaonekana muzuri, lakini goti linakataa kukunjika ao bega halinyanyue tena kitu. Njo maana munganga anapashwa kungoja mpaka hali itulie, ile wanaita consolidation, kisha anapima mwili umepoteza asilimia ngapi. Kuanzia 15%, mutu ana haki ya rente. Chini ya pale, anapewa franga mara moja. Consolidation haiseme "umepona". Inasema tu kama hali haitabadilika sana tena. Tumeona wengi wanarudishwa kazini na karatasi ya "apte" siku plâtre imetoka, mbele hata ya kupimwa. Pale njo haki inapotelea.

Shida kubwa zaidi iko kwa sous-traitance. Wakati wa Gécamines, mutu alijua patron wake ni nani na lopital yake iko wapi. Leo anaingilia mulango wa kampuni kubwa, lakini kontra yake ni ya kampuni ndogo, miezi tatu tatu. Akivunjika mwezi wa pili, wanangoja kontra iishe, wanamwambia "fin de contrat". Wandugu, mwisho wa kontra haufute ajali. Haki ilizaliwa siku ile alikuwa kazini. Na ajali ya njiani, wakati wa kwenda kazini ao kurudi, nayo inahesabiwa.

Wakubwa wa kampuni wanasema: wengine wanaumia ku mpira siku ya Mungu, kisha wanasingizia kazi. Wako, hatukatae. Lakini dawa yake ni kuandika ajali siku ile ile, na majina ya waliyoiona. Kuandika kunalinda patron mwaminifu sawa vile kunalinda mufanyakazi.

Tunaomba mambo mawili. Kopi ya déclaration iingie mu mikono ya mwenye kuumia, ao ya jamaa yake, mbele ya kutoka lopital. Na kampuni kubwa isifungulie mulango sous-traitant asiyeonyesha kama watu wake wameandikishwa ku CNSS na anawalipia. Délégués syndicaux waulize hayo mu kila mukutano na direction.

Kwa ndugu zetu creuseurs, hakuna patron wa kuandika kitu. Lakini Code minier inawaomba kuwa mu coopérative. Basi coopérative inayokata franga ku mizigo yao iweke sanduku la wenye kuvunjika, wasingoje mpaka michango ya kilio.

Na mu nyumba, tuchunge radio zote, fiche de paie, karatasi za lopital na namba za simu za waliyokuwa pale. Wakileta bahasha na karatasi ya kutia saini pale pale ku kitanda, tuseme: tutaisoma kwanza pamoja na délégué. Kama patron anakatala kuandika ajali, twende kwa inspecteur du travail na ku CNSS sisi wenyewe, wakati kidonda kingali kipya na waliyoona wangali ku chantier.