Korea inajaza viwanja vyake, Kinshasa inalipia jezi za wengine

Vyuo vikuu vya Marekani vinapeleka wanafunzi Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, kwa majuma machache, wakasome biashara ya michezo na utamaduni wa Wakorea. Huku Kivu, wengi wakisikia habari hiyo wanacheka: hayo ni matembezi ya watoto wa matajiri, yanamhusu nini mtu anayelala chini ya turubai? Yanamhusu sana.

Vita vya mwaka 1950 hadi 1953 viliiacha Korea ikiwa magofu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia mji wa Busan na kujenga vibanda vya mbao milimani. Leo mji huo una ekipe yake ya beisiboli, Lotte Giants, na mashabiki wake wanajulikana nchi nzima kwa kuimba.

Ligi ya beisiboli ya Korea ilianza mwaka 1982 na ekipe 6. Sasa ziko 10. Mwaka 2024 ilipata watazamaji zaidi ya milioni 10, mara ya kwanza katika historia yake. Kila mchezaji anayeingia kupiga mpira ana wimbo wake. Kiongozi wa mashabiki anasimama jukwaani akiwaelekea watu, na uwanja mzima unamwitikia. Wanaimba, wanakula kuku wa kukaanga, wananunua jezi. Ndiyo maana biashara na utamaduni vinasomwa pamoja: mwenye tiketi amelipia pia ile nafasi ya kuimba na jirani yake. Na pesa yake inabaki Korea.

Wanafunzi wasifichwe upande mwingine. Ligi hiyo ilizaliwa chini ya utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan, uliotaka raia waangalie mpira na kusahau siasa. Makampuni makubwa kama Samsung, LG na Kia ndiyo yenye ekipe. Lakini hata hivyo, waliwekeza nyumbani.

Na Kinshasa? Julai 2025 serikali ilitia sahihi mkataba wa miaka 4 na FC Barcelona, ambao vyombo vya habari viliripoti kuwa ni zaidi ya Euro milioni 40. Mikataba mingine ilifanywa na AC Milan na AS Monaco. Wakubwa wanasema jina la Congo litavutia watalii na wawekezaji. Watalii gani, wakati Januari mwaka huohuo Goma ilikuwa imeanguka na familia zilikuwa zikibeba magodoro kichwani? Kuandika jina la nchi kwenye jezi ya wengine hakuchezeshi hata mtoto mmoja wa Congo.

Wala hakuna anayeweza kusema kwamba vipaji vinakosekana. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilifika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ekipe ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Katika mashindano hayohayo, Seongnam ya Korea ilimaliza ya nne. Kwa miguu, Wacongomani walikuwa mbele. Kilichobaki nyuma ni usimamizi: tiketi, hesabu, viwanja, mishahara. Hayo yanafundishika.

Wako watakaosema mkimbizi anahitaji unga kwanza, mchezo baadaye. Unga ni lazima. Lakini Parfait Hakizimana, mkimbizi wa Burundi, alifundisha watoto taekwondo, mchezo wa Wakorea, katika kambi ya Mahama nchini Rwanda, na mwaka 2021 akashindana kwenye michezo ya Paralimpiki ya Tokyo. Hakungoja arudi kwao ndipo aanze.

Basi serikali itenge sehemu ya pesa za jezi kwa ajili ya bursi. Vijana wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, wasichana kwa wavulana, na waliokimbia vita wakiwemo, wapelekwe Seoul na Busan kusoma kazi hiyo. Korea si mgeni Congo: Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, yaliyofunguliwa mwaka 2019, yalijengwa kwa msaada wake. Mlango upo. Wachaguliwe kwa mtihani ulio wazi, na majina yasomwe redioni, ili kiti cha mtoto wa kambini kisikaliwe na mpwa wa mkubwa fulani.