Bei ya Ndege ya Vita Kabla Haijaruka

Fundi wa mashua katika ufuo wa Dunga, karibu na Kisumu, akitaka kuunda chombo cha namna mpya, hutumia mbao nyingi na siku nyingi katika kile cha kwanza. Hupima, hukata, huharibu, kisha huanza tena. Cha pili huwa rahisi zaidi, na cha kumi huwa rahisi kupita vyote. Gharama ya majaribio yale hapana budi igawanywe juu ya vyombo vyote. Vikiwa vichache, kila kimoja huwa ghali.

Hesabu ya ndege za vita ni hiyo hiyo, ila majaribio yake huweza kuchukua miaka kumi au zaidi.

Kisumu yenyewe iliwahi kuona mfano wake. Mwaka 1937 ndege za majini za aina mpya za kampuni ya Imperial Airways zilikuwa zikitua ziwani, katika safari ya Southampton hata Durban. Kampuni hiyo ilikuwa imeagiza ndege 28 kwa Short Brothers mwaka 1935, kabla hata moja haijaruka. Wakati huo huo mafundi wale wale walikuwa wakichora ndugu yake wa vita, aitwaye Sunderland, aliyeruka mara ya kwanza Oktoba 1937. Maarifa ya kazi moja yalisaidia nyingine.

Siku hizi mzigo umezidi, hata mataifa tajiri hutafuta wenzi. Desemba 2022 Uingereza, Japani na Italia zilipatana kuunda pamoja ndege mpya ya vita, kwa kusudi la kuanza kuitumia mwaka 2035.

Wala kuunda si mwisho wa gharama. Marekani ilichagua ndege ya F-35 mwaka 2001. Mwaka 2018 gharama ya kuzitunza ndege zake hizo maisha yao yote ilikadiriwa kuwa dola bilioni 1,100. Ilipofika mwaka 2023, makadirio yalikuwa bilioni 1,580.

Kenya haikuunda ndege ya vita. Katika miaka ya 1970 ilinunua F-5 za Marekani, ambazo tangu kuchorwa zilikusudiwa ziwe nyepesi na nafuu kutunza. Hata hivyo mnunuzi huepuka gharama ya uchoraji tu. Vipuri, mafuta na mafunzo ya marubani humfuata kila mwaka. Mkulima wa mpunga wa Ahero aliyenunua trekta aijua habari hiyo vema.

Basi raia, ambaye kodi yake ingeweza pia kujenga zahanati au barabara, asiulize bei ya siku ya kununua tu. Yafaa aulize pia: ndege itatumika miaka mingapi? Vipuri vitatoka wapi? Kuirusha saa moja kutagharimu kiasi gani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.