Waifai: kubadilisha neno la siri hakutoshi

Kabondo, Kisangani – Mtu akiuliza usalama wa waifai, jibu ni lilelile: badilisha neno la siri. Jibu hilo linadanganya watu.

Oktoba 2017, Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha kasoro katika WPA2, kinga ya waifai nyingi. Simu na mtambo wa waifai vinapokubaliana ufunguo, mwizi aliye karibu anaweza kurudisha ujumbe uliokwisha kupita. Simu inaweka tena ufunguo uleule. Android 6.0 ilikuwa mbaya zaidi: iliweka ufunguo wa sufuri tupu. Neno la siri halikuguswa, basi kulibadilisha kunasaidia nini? Dawa ni kusasisha programu. Marekebisho ya Android yalitoka Novemba 2017, ila simu nyingi za zamani hazikuyapata.

Na simu za zamani ndizo za bei ndogo. Mama aliyekimbia Lubunga, kwa vita vya Wambole na Walengola vilivyoanza 2023, atanunua ipi? Muuzaji afungue mipangilio, aonyeshe tarehe ya usalama. Ikiwa ni kabla ya 6 Novemba 2017, aseme wazi. Kunyamaza ni wizi.

Ndugu msikilizaji mwenye simu hiyo, mambo ya siri yatume kwa mega zako, si kwa waifai ya watu.