Oveni isiyopata moto isimtie mjasiriamali hasara mbili

KATIKA eneo la Kihonda, Manispaa ya Morogoro, kama ilivyo katika miji mingi nchini, kuna wajasiriamali wanaooka keki, skonzi na mikate wakiwa majumbani mwao. Mtaji wao ni unga, mayai, sukari na oveni moja ya umeme. Siku oveni hiyo inapogoma kupata moto, oda ya harusi au ya kipaimara inaingia mashakani, na unga uliokwisha kuumuka haumsubiri fundi.

Hasara hiyo ni ya kwanza. Ya pili huja pale fundi anapoitwa, akabadilisha koili bila kupima chochote, akalipwa, na oveni ikabaki baridi vile vile. Kipuri kisinunuliwe kabla ya kujulikana umeme umekatikia wapi. Mwenye oveni anaweza kuufuata umeme huo hatua kwa hatua, kuanzia kwenye LUKU, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji hata bisibisi.

Kwanza itazamwe taa ya oveni. Ikiwa taa haiwaki na hakuna dalili nyingine ya uhai, tatizo huenda liko nje ya oveni: uniti zimekwisha, breka imeshuka, soketi imelegea au fyuzi ya plagi imekatika. Soketi ijaribiwe kwa pasi, si kwa chaja ya simu. Soketi iliyolegea inaweza kuchaji simu bila shida lakini ikashindwa kubeba mzigo mkubwa. Plagi yenye pini iliyoungua au plastiki iliyogeuka rangi ni ushahidi tosha.

Fyuzi ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000 kwa umeme wa volti 230. Ikikatika, inunuliwe nyingine ya kiwango hicho hicho. Tabia ya kufunga kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi imekwisha kuunguza nyumba za watu. Ekstensheni nyembamba nayo si njia ya kulishia oveni, kwa kuwa huishia kuchemka yenyewe.

Ikiwa taa inawaka lakini joto hakuna, iangaliwe taima. Oveni nyingi ndogo za mezani hazipeleki umeme kwenye koili mpaka kitufe cha taima kizungushwe. Zile kubwa zenye saa ya tarakimu, zikiwemo za mitumba kutoka Ulaya, mara nyingi hukataa kupasha baada ya umeme kukatika na kurudi, mpaka saa irekebishwe upya. Hapo hakuna kilichoharibika, na anayelipa fundi analipia kubonyeza kitufe.

Mkate ukiiva juu na kubaki mbichi chini, koili ya chini ndiyo ya kushukiwa, au swichi ya kuchagua moto wa juu na wa chini. Koili iliyokufa wakati mwingine huonekana kwa macho: ina ufa, uvimbe au doa la kuungua. Na kama breka inashuka kila oveni inapowashwa, isilazimishwe kupandishwa. Huenda koili inavujisha umeme kwenye bodi, na hapo hatari si ya keki tena bali ya maisha.

Kuanzia hapa kazi ni ya fundi, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na plagi imechomolewa. Lakini mteja ana haki ya kuona kipimo. Koili ya wati 2,000 inayotumia volti 230 inatakiwa kuonyesha takriban omu 26 kwenye mita ya fundi. Mita isipoonyesha njia kabisa, koili imekatika. Ikionyesha kiasi hicho, koili si mkosaji, na fundi ageukie themostati, swichi na maungio ya waya. Kipuri cha zamani kikabidhiwe kwa mwenye mali.

Kuna kosa moja ambalo hakuna kipuri kitakacholiponya, nalo ni umeme hafifu. Joto la koili hupungua haraka kuliko volti zinavyopungua. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, koili ya wati 2,000 inatoa takriban wati 1,225 tu. Keki ya dakika arobaini inakaa muda mrefu zaidi na pengine inadidimia katikati, kisha lawama zinaangukia hamira au mwokaji. Dalili yake ni oveni kupoa jioni majirani wanapowasha vyombo vyao, na kupata moto vizuri usiku wa manane.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Hata hivyo, wingi wa umeme kwenye bwawa haumfikii mwokaji ikiwa transfoma ya mtaa imezidiwa au waya wa kuingia nyumbani ni mwembamba. Wateja wa mtaa mmoja wapime volti kwa saa tofauti, waandike, kisha wapeleke TANESCO malalamiko yenye namba. TANESCO nayo iyape uzito, kwa sababu volti pungufu ni mtaji unaopotea.

Kihonda ina bahati ya kuwa na chuo cha VETA. Mafunzo mafupi ya siku moja kwa waokaji, ya kutambua hitilafu na kumhoji fundi, yangeokoa fedha nyingi kuliko semina za ujasiriamali zisizogusa chombo chenyewe. Kwa kazi ya kufunga nyaya, atafutwe fundi mwenye leseni ya EWURA, si kishoka.

Wafugaji wa kuku nao wasidhani habari hii haiwahusu. Mashine ya kutotolesha vifaranga inategemea koili na themostati kama oveni, na mayai yaliyopoa usiku kucha huenda yasitotolewe. Anayejua kuufuata umeme kutoka LUKU hadi kwenye koili analinda mkate, na analinda vifaranga pia.