Methadoni Si Unga Mwingine

Parokiani bado tunasikia: "Teja anayetumia methadoni ameacha unga akashika unga mwingine." Sivyo. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, kisha arosto humrudisha kijana kijiweni. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto, naye akapata utulivu wa kufanya kazi na kulea watoto. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Tukimwambia aache dawa kwa kuwa sala zinatosha, tunamrudisha kwenye sindano. Hapa Bagamoyo, tangu 1868, wamisionari waliwapokea watumwa waliokombolewa. Hawakuwauliza kwanza kosa lao. Nasi tumwombee ndugu yetu, tena tumsindikize kliniki.