Siku fupi ya Istanbul na jiwe la sadaka

Shule zimefungwa, na baadhi ya familia zetu zimo safarini. Wapo wanaopitia Istanbul wakielekea kwingine, na wapo wanaofuata bidhaa katika maduka ya Laleli, kisha wakabakiwa na siku moja ya kutembea na watoto. Wiki hii tunazungumza nao juu ya kuitumia siku hiyo ya baridi, na tunazungumza pia na waliobaki nyumbani, kwani mji ule una somo ambalo huku kwetu linaanza kutuponyoka.

Saa ya Istanbul ni sawa na ya Dar es Salaam na Nairobi. Kinachobadilika ni mchana. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Alasiri huikaribia mno Adhuhuri, na Magharibi huwakuta watu wangali njiani. Kwa hiyo ni vyema siku ipangwe kwa kufuata adhana, ili kila sala iikute familia karibu na msikiti.

Baridi nayo ihesabiwe. Upepo wa baharini huko ni mkali, mvua ni nyingi, na mara nyingine theluji huanguka. Watoto wavalishwe nguo kadhaa, moja juu ya nyingine. Aliyevaa soksi za ngozi, yaani khuffu, akiwa na udhu, ana ruhusa ya kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu. Na msafiri ana muda wa siku tatu na usiku wake. Dini yetu haikumsahau mtu wa baridi. Ibn Battuta, aliyeutembelea mji huo katika karne ya 14 ulipokuwa bado mikononi mwa Warumi wa Mashariki, anasimulia kwamba alipoondoka huko wakati wa baridi alivaa makoti matatu ya manyoya, hata akashindwa kupanda farasi bila kusaidiwa.

Asubuhi wengi huanzia Ayasofya, jengo lililokamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likageuzwa msikiti mwaka 1453, baadaye likafanywa makumbusho, na mwaka 2020 likarudishwa kuwa msikiti. Ng'ambo ya bustani yake upo msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita. Hapo watu hupiga picha nyingi, na hakuna ubaya. Ila tunashauri Adhuhuri isaliwe katika msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa kati ya mwaka 1550 na 1557 na msanifu Sinan kwa amri ya Sultan Süleyman.

Baada ya sala, wazazi wawatoe watoto nje na kuwaonyesha majengo yaliyouzunguka msikiti: madrasa, hospitali, hamamu, na jiko la kuwapikia wanafunzi, wasafiri na maskini. Yote hayo yaliendeshwa kwa mali ya wakfu. Mtoto aulizwe: kwa nini msikiti uwe na jiko? Akipata jibu mwenyewe, amejifunza maana ya wakfu.

Kisha familia iteremke hadi Eminönü na kupanda kivuko kwenda Üsküdar, upande wa Asia. Ni safari isiyofika nusu saa. Shakwe hufuatana na chombo, na abiria huwarushia vipande vya simit, mkate wa duara wenye ufuta. Mkiteremka tu, mbele yenu upo msikiti wa Mihrimah, binti wa Sultan Süleyman, nao ni kazi ya Sinan vilevile. Mahali pazuri pa Alasiri. Hatua chache kutoka hapo upo msikiti wa Yeni Valide, uliojengwa kati ya mwaka 1708 na 1710. Tazameni juu ya kuta zake: mtaona vijumba vya mawe vilivyochongwa mithili ya kasri ndogo. Hivyo ni viota walivyojengewa ndege.

Watu waliomfikiria ndege kiasi hicho, mwanadamu walimfikiria vipi? Jibu limo katika mawe ya sadaka. Baadhi yake yangalipo katika mji huo. Ni nguzo ya jiwe yenye kishimo juu yake. Husimuliwa kwamba mwenye uwezo alipita akaingiza mkono na kuacha sarafu; mhitaji akapita giza likishaingia, akaingiza mkono na kuchukua kadiri ya haja yake, akibakisha kwa ajili ya mwenzake. Aliyewaona kwa mbali hakuweza kujua yupi ametoa na yupi amepokea.

Hapa ndipo penye somo letu. Siku hizi, hasa Ramadhani inapofika, mfuko wa unga na mchele hauondoki mkononi mwa mtoaji mpaka picha ipigwe. Mama mjane husimamishwa mbele ya bango, mwanawe akiwa pembeni, na jioni picha yao imeenea katika simu za mtaa mzima. Kesho mtoto huyo ataketi darasani na wenzake walioiona. Tunafahamu hoja ya wanaosimamia misaada: wafadhili hutaka uthibitisho, na amana lazima itolewe hesabu. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini hesabu hutimia kwa orodha iliyotiwa saini, stakabadhi, na picha ya bidhaa zenyewe. Uso wa mhitaji si stakabadhi.

Katika Surat al-Baqarah Mwenyezi Mungu ameruhusu sadaka ya dhahiri na akaisifu zaidi ile ya siri inayowafikia mafakiri. Humo humo ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Wala adabu hii si ngeni katika pwani yetu. Ibn Battuta huyo huyo alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultan Hasan, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, na akaandika kwamba alikuwa akiketi na mafakiri na kula pamoja nao. Aliyekula sinia moja na mgeni wake hawezi kumdhalilisha.

Hata asiyesafiri anaweza kuwa na jiwe la sadaka. Katika Uturuki ya zamani matajiri walikuwa wakiingia dukani, wakaomba daftari la madeni, wakalipa kurasa za watu wasiowajua, kisha wakaenda zao. Daftari kama hilo lipo katika duka la kila mtaa wetu. Baba au mama aende na mtoto wake, amwombe mwenye duka afute deni moja bila kutaja la nani, wala nani kalilipa. Mtoto atakayeishuhudia sadaka ya namna hiyo ataijua adabu yake kabla hajawa na cha kutoa.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu, na azitakabali sadaka zetu. Amin.